Mada Inayorukwa: Hotuba kwa Walimu wa Biolojia wa Sekondari

Ndugu walimu, wakuu wa shule, na wazazi mliofika, habari za asubuhi.

Naomba nianze na sentensi moja inayowaharibia wanafunzi mada nzima ya mageuko, yaani jinsi aina za viumbe zinavyobadilika kizazi hadi kizazi, kabla chaki haijagusa ubao: "Andikeni tu, hii ni nadharia." Mwalimu huisema kwa nia njema. Darasani ana watoto wa mashemasi na watoto wa maustadhi, hataki kumkwaza mtu, na muhula unayoyoma. Basi anaandika Lamarck upande huu na Darwin upande ule, anachora twiga wawili, anahamia mada inayofuata. Mwanafunzi anatoka pale amejifunza kwamba sayansi ina sehemu ambazo hata mwalimu wake anazionea haya, na kwamba imani yake ni kitu dhaifu kinachohitaji kulindwa dhidi ya kitabu. Hayo yote si kweli, na ni sisi tuliomfundisha.

Kuna mahali sentensi hiyo iliandikwa rasmi, ikapigiwa kura, ikasomwa darasani, kisha ikafika mahakamani na kuchambuliwa neno kwa neno. Tukae hapo kidogo, maana huko kosa letu limeandikwa kwa herufi kubwa.

Dover ni mji mdogo katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Shule za umma za huko husimamiwa na bodi inayochaguliwa na wakazi, na bodi ya Dover ilikuwa na wajumbe tisa. Tarehe 18 Oktoba 2004, kwa kura 6 dhidi ya 3, bodi iliamua kwamba wanafunzi wa Biolojia waelezwe kuhusu mapengo katika nadharia ya Darwin na kuhusu "usanifu wenye akili", yaani hoja kwamba viumbe vina utata usioweza kutokea bila msanifu. Likaandikwa tamko la aya nne. Lilisema kwamba nadharia ya Darwin, kwa kuwa ni nadharia, si jambo la hakika. Kwamba ina mapengo. Na kwamba anayetaka kujua maelezo mengine atakuta maktaba kitabu kiitwacho Of Pandas and People. Nakala 60 za kitabu hicho zilikuwa zimeletwa kama zawadi ya mtu asiyetajwa. Baadaye ilibainika mahakamani kwamba fedha za kuzinunua, dola 850, zilichangwa kanisani na kupitishwa mkononi mwa mjumbe mmoja wa bodi.

Walimu wa sayansi waligoma kulisoma. Hawakugoma kwa sababu hawana dini. Walisema kanuni za kazi yao zinamkataza mwalimu kupotosha somo kwa makusudi, na kwamba wakisoma tamko lile mwanafunzi ataamini kuwa usanifu wenye akili ni sayansi kama sayansi nyingine. Basi Januari 2005 viongozi wa utawala ndio walioingia madarasani kulisoma. Wanafunzi hawakuruhusiwa kuuliza swali. Naomba mwalimu yeyote alitafakari hilo: jambo limeingizwa katika kipindi cha sayansi, na sharti lake la kwanza ni kwamba lisiulizwe.

Wazazi 11 walifungua kesi Desemba 2004. Ikasikilizwa kuanzia 26 Septemba hadi 4 Novemba 2005 mbele ya Jaji John E. Jones III, Mkristo aliyeteuliwa na Rais George W. Bush. Hakukuwa na baraza la wazee wa mahakama. Jaji alisikiliza na kuamua peke yake.

Mambo mawili ya kesi ile yana faida kwetu. La kwanza ni historia ya kitabu chenyewe. Mwaka 1987 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani, kwa majaji 7 dhidi ya 2, ilifuta sheria ya Louisiana iliyotaka kila shule ya umma inayofundisha mageuko ifundishe pia "sayansi ya uumbaji". Barbara Forrest, mwanafalsafa aliyetoa ushahidi, alilinganisha rasimu za kitabu kabla na baada ya hukumu hiyo. Mahali palipoandikwa uumbaji pakawekwa usanifu. Mahali pa waumini wa uumbaji, "creationists", pakawekwa watetezi wa usanifu, "design proponents". Maelezo yenyewe hayakubadilika. Mahali pamoja aliyekuwa akibandika neno jipya hakufuta lote la zamani, likabaki neno lisilo na maana katika lugha yoyote: "cdesign proponentsists". Kichwa cha neno la zamani kimekatika mbele, mkia wake umening'inia nyuma, na jipya limekwama katikati.

La pili lilitoka kwa Michael Behe, mwanabiokemia aliyekuja kuutetea usanifu wenye akili. Aliulizwa neno nadharia analitumia kwa maana gani. Alipolipanua liweze kuubeba usanifu wenye akili, akalazimika kukiri kwamba kwa maana hiyo hata unajimu, ule utabiri wa kupiga ramli kwa nyota, ungekuwa nadharia ya sayansi. Mfano wake mkuu ulikuwa mkia wa bakteria: ukiondoa kipande kimoja, alisema, mkia haufanyi kazi, kwa hiyo haungeweza kujengeka hatua kwa hatua. Kenneth Miller, mwanabiolojia aliyetoa ushahidi upande wa wazazi, alijibu kwa mfano ulio hai. Kuna bakteria wenye chombo kama sindano cha kuingizia sumu kwenye seli, na chombo hicho kimeundwa kwa protini kadhaa zinazofanana na zile za kitako cha mkia. Kumbe sehemu ya mkia ina kazi yake hata bila mkia. Miller huyo ni Mkatoliki, na ndiye mwandishi mwenza wa kitabu cha Biolojia kilichokuwa kikitumika Dover.

Hukumu ilitoka tarehe 20 Desemba 2005, kurasa 139. Jaji alisema usanifu wenye akili si sayansi, ni imani ya kidini, na shule ya umma haiwezi kuusukuma bila kuvunja Katiba ya Marekani, inayokataza serikali kuanzisha dini. Aliandika pia kwamba ni kosa kudhani kuwa mageuko yanapingana na imani ya kuwako kwa Muumba. Mwezi mmoja kabla, wapigakura walikuwa wamewaondoa wajumbe wote wanane wa bodi waliokuwa wakigombea tena. Wilaya ililipa zaidi ya dola milioni 1 kwa mawakili wa wazazi. Fedha hizo zingejenga maabara.

Sasa turudi kwetu. Hatuna bodi ya kuchaguliwa inayoandika mtaala wa wilaya, na mageuko yamekuwamo katika mihtasari yetu ya Biolojia kwa miaka mingi, hasa Kidato cha Nne. Katiba ya Tanzania, ibara ya 3, inasema Jamhuri ya Muungano haina dini, na ibara ya 19 inamwachia kila mtu imani yake. Katiba ya Kenya, ibara ya 8, inasema hakuna dini ya serikali. Kwa hiyo kisheria tumetulia. Tatizo letu limo ndani ya daftari. Katika mfumo wa 8-4-4 Kenya, vitabu vya Kidato cha Nne vimezoea kufungua mada kwa asili ya uhai, vikiweka "uumbaji maalumu" na "mageuko ya kikemikali" mezani pamoja kama nadharia mbili. Mwanafunzi akikuta hivyo, anaelewa kwamba achague anayoipenda. Lakini uumbaji haujawahi kujiweka mbele ya hadubini upimwe, na kuuita nadharia ni kuushusha heshima yake huku tukiliharibu neno nadharia. Asili ya uhai wa kwanza na mageuko ya viumbe ni maswali mawili. Yatenganishe siku ya kwanza. Darwin anaeleza aina za viumbe zinavyotokana na aina nyingine. Seli ya kwanza ilitoka wapi ni swali jingine la kikemia.

Naomba sasa nizungumze kuhusu lugha, kwa sababu hapa ndipo mada inapozama. Tunafundisha sekondari kwa Kiingereza, lakini mtoto anafikiri kwa Kiswahili, na maneno matatu ya Kiswahili yanamvuta vibaya.

Neno la kwanza ni nadharia yenyewe. Tunaisikia wapi kila siku? "Mtihani wa nadharia na vitendo." "Huyo ana nadharia tu, kazi haijui." Katika masikio ya mtoto, nadharia ni maneno yanayosubiri vitendo. Basi siku ile mkumbushe kwamba vijidudu kusababisha magonjwa pia kunaitwa nadharia, na daktari ananawa mikono kwa sababu yake. Nadharia katika sayansi ni maelezo yaliyofunga pamoja ushahidi mwingi na ambayo yangeweza kuangushwa kwa ushahidi kinyume. Akitoka na hilo peke yake, kipindi hakikupotea.

Neno la pili ni kiambishi kidogo, -ji-. Tunasema kinyonga hujibadilisha rangi, twiga alijirefusha shingo, mbu wamejizoesha dawa. Kila -ji- inampa kiumbe nia na uamuzi. Hapo mwanafunzi amekuwa mfuasi wa Lamarck, aliyedhani kiumbe hupata umbo analolihitaji na kuwarithisha watoto, bila kujua, na ndiyo maana hata waliofaulu huandika kwamba twiga walihitaji shingo ndefu wakaipata. Zuieni -ji- kwenye mada hii. Semeni: katika kundi walikuwamo wenye shingo ndefu kidogo na wenye fupi kidogo, wenye ndefu waliacha watoto wengi zaidi. Kinyonga mwachieni kabisa, kwa sababu mabadiliko yake ya rangi ni ya dakika chache katika mwili mmoja na hayahusiani na mageuko.

La tatu ni nyani. "Mtu alitokana na nyani" ni sentensi inayochekesha darasa na kumuudhi mchungaji, na kisayansi ni kosa. Nyani ni nyani, yuko Mikumi anaiba mahindi. Aliye karibu nasi ni sokwe, na hata yeye hatukutokana naye: sisi na sokwe tuna mababu wa pamoja walioishi miaka milioni kadhaa iliyopita. Hapa Kiswahili kinatusaidia, maana ukoo tunaujua. Binamu yako hakukuzaa. Mna babu mmoja. Mtoto akiuliza mbona sokwe bado wapo, muulize mbona binamu zake bado wapo.

Baada ya maneno, mpeni mtoto ushahidi wa nyumbani. Mnaweza kuanza na Oldupai, ambako Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959, lenye umri wa miaka milioni 1.75. Kuna nyayo za Laetoli, za miaka milioni 3.66, na kuna mifupa ya kijana wa Turkana aliyoigundua Kamoya Kimeu mwaka 1984. Ni fahari yetu. Lakini visukuku, yaani mabaki hayo ya kale, viko mbali na mwili wa mwanafunzi, na ndipo mabishano yanapoanzia. Mimi ningeanza na damu.

Selimundu inajulikana katika kila wilaya. Kwenye jeni ya himoglobini herufi moja imebadilika, A ikawa T, na kwa hiyo asidi amino ya sita katika mnyororo wa beta imekuwa valini badala ya asidi glutamiki. Mwenye nakala mbili za jeni hiyo, SS, anaugua. Mwenye moja, AS, kwa kawaida ni mzima, na malaria kali humpata kwa nadra zaidi kuliko mwenye AA, yaani asiye na jeni hiyo kabisa. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1949 na kutangaza matokeo yake mwaka 1954. Pwani na kando ya Ziwa Victoria, penye malaria nyingi, wabebaji walizidi asilimia 20. Nyanda za juu zenye baridi hawakufika asilimia 1. Andika ubaoni mraba wa AS kwa AS: robo AA, nusu AS, robo SS. Kisha uliza: jeni inayoua watoto imebakije kwa wingi hivi, na kwa nini imebaki penye mbu? Wapeni dakika tano za kimya. Atapatikana mmoja wa kusema kwamba wenye AA walikufa kwa malaria na wenye SS kwa selimundu, wakabaki wenye AS kuzaa. Huyo amesema uteuzi asilia kwa kinywa chake.

Kutoka hapo nenda kwenye dawa. Klorokwini iliponya malaria miaka mingi, kisha Tanzania ikaiacha mwaka 2001, na kufikia mwaka 2006 sera ikahamia kwenye ile tunayoiita mseto. Vimelea havikujifunza chochote. Vilikuwapo vichache vyenye mabadiliko. Dawa ikawaondoa wenzao, vikabaki kuzaliana. Malawi iliacha klorokwini mapema, mwaka 1993, na utafiti uliotangazwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba kati ya watoto 80 waliopewa klorokwini tiba ilishindwa kwa mmoja tu. Presha ilipoondoka, vimelea visivyo sugu vilirudi kutawala. Mwanafunzi akielewa hilo, anaelewa pia kwa nini mgonjwa wa kifua kikuu anameza dawa miezi sita hata kama kikohozi kilikoma mwezi wa pili.

Sasa zoezi. Vifaa ni gazeti, karatasi nyeupe, karatasi ya rangi ya waridi, na panchi ya ofisini. Tunatumia panchi ili vipande viwe sawa kwa ukubwa. Mkitumia maharage na choroko, watoto wataokota kikubwa na matokeo yatakuwa ya ukubwa badala ya rangi. Kila kundi la watano linahitaji vipande 80 vya kila aina. Kwa darasa la 50 hiyo ni vipande 2,400. Panchi ikibana karatasi nane kwa matundu mawili unapata 16 kwa mbano mmoja, kwa hiyo mibano 150. Wape wanafunzi wawili kazi hiyo jioni kabla.

Tandaza ukurasa wa gazeti wenye maandishi matupu. Picha na pambizo nyeupe zifunikwe, la sivyo vipande vyeupe vitapata maficho. Mwaga vipande 60, 20 vya kila aina. Wanafunzi wanne ni ndege, wa tano ni mwandishi. Ndege anageuka, anaokota kipande cha kwanza anachokiona, anakitia kikombeni, anageuka tena kumpa gazeti mgongo. Kila ndege anakula 12. Vimeliwa 48, vimebaki 12. Kila kilichobaki kinazaa wanne wa rangi yake, kundi linarudi 60. Tuseme vimebaki 7 vya gazeti, 4 vyeupe na 1 cha waridi: raundi ya pili inaanza na 35, 20 na 5. Cheza raundi tatu, kila namba iandikwe kwenye jedwali.

Yanayoharibika ni haya. Feni ikiwaka, kizazi chote kiko sakafuni. Izimeni, na dirisha la upande wa upepo lifungwe. Ndege akipapasa kwa kiganja anaokota bila kuona, na rangi haina maana tena. Sheria ni vidole viwili na macho. Wengine huharakisha kama mashindano na kusahau kugeuka. Na kuna mwandishi mwema atakayesawazisha namba kwa sababu anadhani jibu sahihi ni lile la kitabuni. Mwambieni namba za ajabu ndizo zenye mazungumzo.

Raundi ya nne, badilisha gazeti kwa karatasi nyeupe. Vya gazeti vilivyokuwa vinatawala vinaanza kuliwa. Na kama vya waridi vilikwisha raundi ya tatu, havirudi, hata mazingira yakivifaa namna gani. Hapo ulizeni swali ambalo zoezi zima limewekwa kwa ajili yake: kuna kipande hata kimoja kilichobadilika rangi? Hakuna. Kilichobadilika ni kundi.

Mwisho wa kipindi mkono utanyooshwa: "Mwalimu, na Adamu na Hawa je?" Usimcheke, na usimkwepe. Lugha yetu yenyewe inamwita mtu mwanadamu, mwana wa Adamu. Swali lake lina mizizi. Mjibu kwamba katika kipindi hiki tunauliza kile kinachoweza kupimwa, kuhesabiwa na kukosolewa, na kwamba mtu ni nani mbele ya Mungu ni swali kubwa la kupeleka kwa mzazi, kwa padri, kwa sheikh. Waambie pia kwamba waumini hawako upande mmoja: Papa Yohane Paulo II alisema mwaka 1996 kwamba mageuko ni zaidi ya dhana tu, na wapo Wakristo na Waislamu wengi wanaoyakataa. Mwalimu anayegeuza kipindi kuwa mahubiri ametoka kwenye sayansi, na anayesema "kwa hiyo Mungu hayupo" ametoka kwa mlango huohuo. Mtihani unasema "eleza". Hauulizi mtoto anaamini nini. Aeleze vizuri, apate alama zake zote, aende ibadani kama kawaida.

Mzazi akija shuleni amekasirika, mwonyesheni daftari, jedwali la zoezi na mraba wa AS kwa AS. Wengi wanafika wakidhani mtoto amefundishwa kwamba babu yake ni nyani.

Magazeti yako meza ya nyuma na panchi ziko sita. Tukae watano watano, na aliye karibu na feni naomba aizime.